Uzi: Ndani ya teksi, nani anafaa kuonyesha kitambulisho?

Kila baada ya miezi michache tunarudi hapa hapa. Dereva wa teksi ya mtandaoni anapatikana ameuawa, gari halionekani, na jioni hiyo hiyo kila mwenye maikrofoni anasema abiria waanze kuthibitishwa. Upande mmoja unalaumu kampuni. Upande ule mwingine unasema hiyo ni njia ya serikali kutuchungulia. Siku ya tatu tumeshahamia mada nyingine na familia imebaki na mazishi.

Huu uzi ni mrefu, wekeni chai kando. Sheria zangu mnazijua: sitaji mwanasiasa wala chama, awe wa leo au wa zama za mkoloni. Ukisoma ukamfikiria mtu fulani, hiyo ni yako.

Niseme mapema kwamba nina upande. Mjomba wangu ameendesha teksi hizi tangu nikiwa shule ya upili, na sehemu ya karo yangu ya chuo imetoka kwenye hilo gari. Mwaka jana, Ijumaa usiku, alipata safari ya kutoka Roysambu kwenda Ruai. Jina la abiria lilikuwa herufi moja tu, "K". Akapiga simu vile madereva wote hupiga: uko wapi, unalipa keshi ama M-Pesa? Akajibiwa na sauti ya msichana, mpole kabisa. Alipofika stejini wakaingia wanaume wawili. Angeweza kukataa, lakini ukikataa safari mara nyingi programu inakunyima kazi, na ilikuwa mwisho wa mwezi. Walimshusha Kamulu bila simu, bila pesa, bila viatu. Gari lilipatikana baada ya siku mbili likiwa limenyofolewa magurudumu.

Akaandikisha OB. Kampuni ikasema habari za abiria itawapa polisi tu. Polisi walipozipata, namba ya "K" ilikuwa imesajiliwa kwa jina la nyanya mmoja wa kaunti ya mbali ambaye hajawahi kuita teksi maishani mwake. Kesi ikaishia hapo. Mjomba hajawahi kupigiwa simu tena.

Sasa angalia upande wake yeye. Mara kwa mara kabla ya kazi programu inamwambia ajipige selfi, avue kofia, asogee kwenye mwanga. Leseni yake iko kwao, cheti cha tabia njema kiko kwao, bima na karatasi za ukaguzi wa gari ziko kwao. Aliyekaa nyuma yake na kisu alihitaji namba ya simu tu, tena ya mtu mwingine.

Kwa hivyo mtu akiniambia kuthibitisha abiria ni udikteta, namuuliza kama ashawahi kumsubiri mtu wa nyumbani mpaka saa tisa usiku simu ikiwa imezimwa. Lakini pia nimesoma historia kidogo, na historia ya nchi hii inanifanya nisite kabla ya kupiga makofi.

Twende nyuma. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili Waafrika. Vita vya kwanza vya dunia vikachelewesha mambo, ikaanza kutumika kwa nguvu kuanzia 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuajiriwa na mshahara. Ikawekwa kwenye kikebe cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni kwa kamba, kama kengele ya mbuzi. Neno lenyewe tunalo mpaka leo, wazee wengi bado huita kitambulisho kipande.

Watu hudhani kipande kilikuwa cha kujua nani ni nani. Hapana. Ukiondoka kazini, mwajiri alipaswa kutia sahihi kwamba amekuachilia. Asipotia, wewe ni mtoro, na alama za vidole zako ziko Nairobi zikikusubiri. Mshahara uliandikwa pale, kwa hivyo mwajiri wa pili aliona ulikuwa unalipwa ngapi na hakuwa na haja ya kuongeza hata senti. (Ukitaka kujua nyota za dereva kwenye programu ya teksi zimetoka ukoo gani, anzia hapo.) Aliyebeba kipande hakuwa na nafasi ya kuandika lolote kuhusu mwajiri. Karatasi ilikuwa inaongea upande mmoja tu.

Watu walikataa. Machi 1922, kijana mmoja aliyekuwa karani wa simu serikalini alikamatwa Nairobi kwa kuhamasisha watu dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Umati ukajaa nje ya kituo cha polisi, wanawake wakiwa mbele. Risasi zikafyatuliwa. Hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa zaidi ya watu 20 waliokufa, na waliokuwepo walisema ni wengi kuliko hapo. Kipande kikaendelea miaka mingine 25.

Kuna sehemu ya hii historia ambayo haisemwi sana, na kwangu mimi ndiyo tamu zaidi. Baada ya vita vya pili serikali ilitaka kuonekana haibagui, kwa hivyo mwaka 1947 ikapitisha sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote. Wazungu nao watoe alama za vidole. Mlisikia kelele? Walowezi walisema hiyo ni fedheha, vidole ni vya wahalifu. Ile lugha ya haki na heshima ambayo Waafrika walikuwa wameitumia kwa miaka 30 bila kusikizwa ikageuka ghafla kuwa hoja ya maana. Tume ikaundwa, na mwishowe njia ya kando ikapatikana: anayejua kusoma na kuandika angeweza kuweka picha na sahihi badala ya vidole.

Kwa hivyo njia mbadala ilikuwepo miaka yote. Ilichohitaji ni mwenye sauti aguswe. Hii kitu ishike vizuri, nitairudia.

Baada ya uhuru kitambulisho kilibaki. Wanawake waliingizwa kwenye sajili mwaka 1978 tu. Kabla ya hapo mama zetu na nyanya zetu walikuwa kama hawapo kwenye hayo makabrati. Na kwa baadhi ya jamii kitambulisho kilikuja na mtihani. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipangwa kwenye foleni za ukaguzi wa peke yao, wakapewa kadi za kuthibitisha kwamba ni Wakenya, juu ya vitambulisho ambavyo tayari walikuwa navyo. Wanubi wa Kibra wamepitia kamati za kuwachuja kwa miongo.

Rafiki yangu wa darasani ni wa huko Kibra. Mimi kitambulisho changu nilikipata baada ya wiki chache: cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu, vidole, kwisha. Yeye aliitishwa vitambulisho vya wazazi, halafu vya babu, halafu akakaa mbele ya wazee wakamuuliza maswali ya ukoo. Alikipata akiwa na miaka 21. Miaka mitatu hiyo yote hakuwa na laini kwa jina lake, wala M-Pesa kwa jina lake. Alikuwa anatumia laini ya dadake.

Hapo ndipo tunaingia kwenye simu. Mnakumbuka usajili wa laini? Ulianza 2010. Sababu tulizopewa zilikuwa za kweli: utekaji nyara, vitisho vya simu, wizi wa pesa kwa njia ya simu. Kufikia mwanzo wa 2013 laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa zikazimwa. Tukaambiwa sasa kila namba ina mwenyewe.

Je, ule wizi uliisha? Bado naletewa ujumbe wa "nimetuma pesa kimakosa, tafadhali nirudishie" karibu kila mwezi. Walaghai hawakuacha kazi, walitafuta vitambulisho vya watu wengine. Mama anasajiliwa laini chini ya mwavuli sokoni, wakala anasema mashine imekataa, rudia tena kidole, na laini ya pili inatoka kwa jina lake bila yeye kujua. Ilifika mahali tukapewa namba ya kubonyeza, *106#, ujionee mwenyewe laini ngapi ziko kwa jina lako. Mimi nilibonyeza nikakuta mbili wakati nina moja. Bonyeza yako leo, nitasubiri.

Yule nyanya aliyepatikana kwenye kesi ya mjomba ndiye huyo mama wa mwavulini. Mfumo uliothibitisha kila mtu ulimthibitisha asiyehusika.

Sasa teksi. Zamani za teksi za stejini uthibitisho ulikuwa macho. Dereva alikujua, ama alimjua aliyekuleta, ama alikuangalia akaamua. Haikuwa haki sana, wengi waliachwa kwa sababu ya sura ama mtaa wanaokwenda, lakini dereva ndiye aliyeamua. Sheria za matatu za 2004 zilipokuja, zile za mikanda na vidhibiti mwendo, zilitaka dereva na makanga wavae sare na beji na wawe na cheti cha tabia njema. Abiria hakuulizwa kitu. Ilieleweka: anayebeba watu kwa malipo ndiye wa kuchunguzwa.

Uber ilipoingia Nairobi mwaka 2015 ilikuwa imejengwa juu ya wazo la nchi zingine, kwamba abiria ana kadi ya benki. Kadi ndiyo ilikuwa uthibitisho. Benki imeshakujua, kwa hivyo kampuni haina haja ya kukujua. Huku kwetu wengi hawakuwa na kadi, kwa hivyo mwaka huo huo wakaanza kukubali keshi. Kibiashara ilikuwa akili. Lakini ile keshi ilitoa uthibitisho wote uliokuwepo na hakuna kitu kilichowekwa mahali pake ila namba ya simu. Hilo pengo ndilo mjomba alitumbukia.

Brazil ilipitia haya kabla yetu. Uber ilianza kuchukua keshi huko 2016, mashambulizi dhidi ya madereva yakapanda, na mwaka uliofuata kampuni ikaanza kudai abiria wa keshi waweke CPF, namba ya mlipa kodi ambayo karibu kila Mbrazili anayo. Ilichukua miezi na maiti. Sikuja kukuambia teknolojia haikuwepo, ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia lazima.

Mwaka 2024 kampuni hiyo ikatandaza Marekani mfumo wake wa abiria waliothibitishwa. Jina na simu yako vinalinganishwa chinichini na hifadhidata za kampuni nyingine, vikilingana unapata alama ya tiki na dereva anaiona. Wengi hawajui hata kama wamekaguliwa. Usipolingana, unaweza kupakia kitambulisho. Ndiyo maana ya "kiotomatiki": hakuna mtu anayekukagua, ni orodha inakagua orodha.

Kwetu orodha ni ipi? Hapa ndipo mjadala wa kwenye redio huruka bila kukanyaga. Orodha kubwa ya Kenya ni ile sajili ya pamoja ya watu ya serikali, IPRS, ambayo benki na kampuni za simu huuliza ukifungua akaunti. Ukisema "abiria wathibitishwe kiotomatiki" bila kueleza zaidi, unaweza kuwa unasema kampuni ya kibinafsi, yenye makao ng'ambo, iulize sajili hiyo kila mtu anapotaka kwenda nyumbani, na ibaki na kumbukumbu ya nani alitoka wapi akaenda wapi saa ngapi. Fikiria kumbukumbu hiyo wiki ya maandamano. Fikiria inamfikia mume anayepiga mke wake na ana rafiki pale kampuni. Si ndoto, wewe mwenyewe unajua jinsi taarifa za simu huvuja mjini kwa bei ya chakula cha mchana.

Na yule rafiki yangu wa Kibra, kati ya miaka 18 na 21, angeitaje teksi? Kwa simu ya dadake. Ndivyo pia tunavyomwitia shosho teksi akitoka kliniki: simu yangu, jina langu, abiria ni yeye. Mfumo wa selfi ungemkataa shosho, kisha dereva angelaumiwa kwa kubeba mtu ambaye si mwenye akaunti.

Tuongee pia kuhusu hizo selfi. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima mifumo ya kompyuta iliyokuwa ikiuzwa kutambua jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi mfumo mmoja ulikosea karibu asilimia 35. Mifumo imeboreka tangu hapo, sikatai, na kulinganisha selfi na picha ya kitambulisho ni kazi tofauti. Lakini huko Uingereza dereva mmoja mweusi wa kupeleka chakula aliondolewa kwenye programu baada ya ukaguzi wa uso kudai si yeye, akashtaki kwa ubaguzi, na mwaka 2024 kesi ikaisha kwa maelewano ya malipo. Yeye alikuwa na chama cha wafanyakazi nyuma yake. Dada wa Githurai aliyekwama Westlands saa sita usiku kwa sababu mashine haioni uso wake vizuri kwenye taa ya barabarani, ana nani?

Najua mmoja wenu anaandika saa hii: "kwa hivyo madereva wafe?" Hapana, na ndiyo maana nilianza na mjomba. Nasema swali tunalopewa ni bovu. Tunaulizwa tuchague kati ya kuthibitisha na kutothibitisha, wakati historia inaonyesha kilichokuwa na shida kila mara ni nani anabeba mzigo, nani anasoma faili, na ikikosea unamwendea nani. Kipande hakikuwa kibaya kwa sababu kilikuwa na jina la mtu.

Na sisi si watu wa 1915. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kifungu cha 35 kinasema una haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalokugusa kwa uzito, na unaweza kudai uamuzi uangaliwe upya. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba kutolewa kwa Huduma Kadi hakukuwa halali kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya madhara kwa data za watu, jambo ambalo sheria hiyo inadai. Serikali yenyewe ilirudishwa nyuma. Kampuni ya teksi si kubwa kuliko serikali, ingawa wakati mwingine hujifanya.

Kwa hivyo mwanasiasa wako akisema "abiria wathibitishwe", usimpigie makofi wala usimzomee. Muulize. Dereva ataona nini, tiki tu ama jina na namba yangu ya kitambulisho? Mimi nataka tiki tu, maana kuna madereva pia wa kuogopwa, wanawake mnajua. Picha itafutwa lini? Polisi wataingia na amri ya mahakama ama na simu ya mkubwa? Mashine ikinikataa, kuna mtu wa kuongea naye usiku huo, ama ni barua pepe ya kujibiwa Jumatano? Asiye na kitambulisho bado, na anayeitiwa teksi na mwanawe, wana mlango gani? Walowezi walipatiwa mlango wao, na sisi tunaweza kupatiwa.

Na hili ndilo linaniuma zaidi: abiria aliyethibitishwa akimwibia dereva, kampuni inalipa nini? Kanuni za NTSA za 2022 za teksi hizi zimetaja abiria hadi kwenye jina lake, na zimeweka komisheni isizidi asilimia 18. Kama wewe kampuni unachukua sehemu yako kwa kila safari na wewe ndiye umesema huyu abiria ni salama, basi tiki yako iwe na thamani ya pesa. Mjomba alinunua magurudumu kwa mkopo wa chama. Hakuna aliyemlipa hata shilingi, na akaunti yake ilipunguziwa kazi wiki ambayo gari lilikuwa polisi, eti hayuko mtandaoni vya kutosha.

Siku hizi ana mfumo wake. Akipata safari ya usiku anapiga picha ya skrini, jina la abiria na mahali anapoenda, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mama hujibu "sawa" na halali hadi aone ujumbe wa pili. Ndiyo, najua, hiyo nayo ni data ya mtu asiyejua imetumwa kwa shangazi zangu sita. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza nina njia gani nyingine, na kufikia leo sijamjibu.

Madereva na abiria mliopitia haya, andikeni hapo chini, ila msitaje majina wala namba za gari. Uzi wa Jumapili utakuwa wa ile komisheni, kwa sababu naona wengi mnadhani inafuatwa.